Jina la Kumi na Moja: Kisa cha Kuwaaga Wanafunzi wa S4 Arua

Nilipewa dakika tano, nami nilikuwa na majina kumi. Nusu dakika kwa kila jina. Hiyo ndiyo hesabu niliyopanda nayo jukwaani Oktoba 2024, siku ambayo shule yetu hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, iliwaaga watahiniwa wa S4, yaani mwaka wa nne wa sekondari, kabla ya mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la taifa. Karatasi yangu ilikuwa imekunjwa mara mbili mfukoni, na nilikuwa nimeifanyia mazoezi usiku kucha mbele ya kioo.

Wanafunzi wangu wa Kiswahili walikuwa kumi na mmoja.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu walimu wenzangu wananiuliza namna ya kuwashukuru wanafunzi wanaoondoka, na nikiwapa hotuba ile peke yake nitakuwa nimewapa nusu ya habari. Hotuba ilikuwa nzuri. Watu walilia. Ndiyo maana kosa lililokuwamo lilinichukua saa nyingi kuliona, na si mimi niliyeliona.

Darasa lenyewe kwanza. Waliingia S1 mwanzoni mwa 2020, mwaka ambao mtaala mpya wa sekondari ulianza kutumika Uganda, na Kiswahili kikawa somo la lazima S1 na S2. Katika shule nyingi jambo hilo lilibaki kwenye karatasi kwa kukosa walimu. Kwetu mwalimu alikuwepo, mimi peke yangu. Hatukumaliza hata muhula mmoja. Tarehe 20 Machi 2020 shule zote nchini zilifungwa kwa ajili ya korona, na ingawa katikati madarasa yaliitwa kwa zamu, milango haikufunguliwa kwa wote hadi 10 Januari 2022. Masomo ya miaka minne yakawachukua mitano. Baadhi ya walioketi mbele yangu 2020 sikuwaona tena darasani. Wasichana wawili nilikutana nao sokoni wakiwa na watoto mgongoni. Mvulana mmoja anaendesha bodaboda njia ya Vurra, na kila akinibeba hukataa nauli, jambo linaloniuma kuliko angenidai mara mbili.

Walipofika S3 Kiswahili kikawa somo la hiari, na zaidi ya sitini wakabaki kumi. Asiyeijua Uganda atashangaa, maana hapa West Nile, eneo letu la mpakani, lugha hii haihitaji kutambulishwa. Mama anayeuza samaki wakavu anaizungumza, dereva wa lori linalokwenda Ariwara upande wa Kongo anaizungumza, mzee aliyestaafu jeshi anaizungumza. Lakini wazazi wengi bado wakisikia Kiswahili wanamsikia mwanajeshi kwenye kizuizi cha barabara. Rais Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa 1973, na kumbukumbu za miaka ile hazikufutwa na marekebisho ya katiba ya 2005 yaliyokifanya lugha rasmi ya pili, wala na uamuzi wa baraza la mawaziri wa Julai 2022 wa kukipa nguvu mashuleni. Mtoto anayechagua Kiswahili huulizwa nyumbani, "Unataka kuwa askari?" Wale kumi waliulizwa hivyo, na walibaki.

Nikawa nawaita waanzilishi. Wao ndio waliokuwa wa kwanza kuusoma mtaala mpya, na mtihani wao wa 2024 ndio uliokuwa wa kwanza kutungwa kwa mtaala huo, kazi za darasani na za mradi zikichangia asilimia 20 na mtihani wa mwisho 80. Neno hilo nilikuja kulipenda mno. Nililiandika ubaoni, nikalitumia kwenye mikutano ya wazazi, nikalitamka kwa fahari kama mtu anayetaja ukoo wake.

Wa kumi na mmoja alikuja 2023, wenzake wakiwa S3 tayari. Alitoka makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp. Familia yake ilivuka kutoka Sudan Kusini baada ya mapigano ya Juba ya Julai 2016. Alikuja na sanduku la bati, godoro jembamba, na Kiarabu cha Juba. Kiswahili alikuwa na cha kuombea maji tu. Aliketi nyuma karibu na dirisha, na wiki mbili za kwanza sikusikia sauti yake isipokuwa wakati wa kuita majina.

Wiki ya tatu nilipita kati ya madawati nikaona daftari lake limegeuzwa juu chini. Alikuwa anaandika kuanzia ukurasa wa mwisho, ule unaotazamana na jedwali la kuzidisha lililochapwa kwenye jalada. Alikuwa amechora mstari katikati kwa rula. Upande mmoja Kiswahili, upande wa pili neno la kwao: kitabu, sukari, saa, dawa, sahani, fikiri. Nilimuuliza anafanya nini. Akasema, "Naandika yale niliyokuwa nayajua kabla sijaja."

Nilisimama pale kwa muda. Miaka yote nimefundisha Kiswahili nikianza na salamu, kisha ngeli, kisha machozi. Kijana huyu alikuwa ameanza kwa kuhesabu akiba yake. Msichana wa dawati la mbele, ambaye kwao, mtaa wa Oli, wanazungumza Kinubi, alikuja kuchungulia akapiga kelele za furaha: nusu ya maneno yale yalikuwa ya bibi yake. Nami nikawaeleza kwamba Kinubi na Kiarabu cha Juba ni ndugu, vyote vimetokana na Kiarabu cha askari wa Sudan wa karne ya 19, na kwamba babu za Wanubi wa Uganda ni wale askari waliokuwa chini ya Emin Pasha, gavana wa jimbo la Equatoria kusini mwa Sudan. Watoto wawili ambao hawakuwa wamewahi kusalimiana wakaanza kugombea kalamu moja.

Jioni ile niliazima daftari nikanakili orodha yote. Mwaka uliofuata, 2024, nikaingia S1 nayo siku ya kwanza. Sikuanza na salamu. Niliandika maneno ubaoni nikauliza nani anayajua. Mikono ya watoto wa Oli na wa makazi ya wakimbizi ilipanda, na hata mtoto wa Kilugbara asiyejua Kiarabu alikuwa amesikia sukari na sahani dukani tangu utotoni. Darasa zima likagundua kwamba lugha hii wanayoiogopa wanaijua tayari kwa sehemu. Sijawahi kuwa na somo la kwanza zuri kama lile. Na sikusema orodha ilitoka wapi.

Sasa siku yenyewe. Sherehe zetu za kuwaaga watahiniwa zina mpangilio ambao kila aliyesoma Uganda anaujua: maturubai, jenereta, padri na imamu kila mmoja na dua yake, wazazi wakiwa na kadi za kutakia mafanikio, keki, kisha walimu mmoja baada ya mwingine. Na walimu hutoa nini? Maonyo. Msiingie na karatasi kwenye chumba cha mtihani. Msitupwe na dunia. Wasichana, wavulana watawapotosha. Wavulana, pombe itawamaliza. Nimetoa maonyo hayo kwa miaka, na nimeziona nyuso zinavyofungwa kama maduka ikinyesha.

Mwaka ule niliamua kushukuru, si kwa jumla. "Ninawashukuru nyote kwa ushirikiano wenu" haimfikii yeyote, kwa sababu hakuna anayeweza kujitambua ndani yake. Shukrani niliyoitaka ilikuwa na sehemu tatu: jina, jambo alilofanya, na kilichobadilika kwangu. Ya tatu ndiyo ngumu. Mwalimu hupenda kusimulia alivyombadilisha mwanafunzi. Kusimama mbele ya wazazi na kusema mtoto wao amekubadilisha wewe kunahitaji kukubali kwamba ulikuwa na upungufu.

Kwa msichana wa Oli nilisema: "Asante kwa siku uliyoniambia mbele ya darasa kwamba bibi yako si mjinga. Nilikuwa nimecheka 'kitu ile' uliyoisema, ukaniambia bibi anasema hivyo na amelea watu tisa kwa maneno hayo. Tangu siku hiyo nasahihisha daftari, sicheki mdomo wa mtu." Bibi mwenyewe alikuwapo, safu ya pili, amevaa gomasi la kijani, gauni la heshima la wanawake wa Uganda. Hakusikia vizuri kwa ajili ya jenereta. Mjukuu wake alimwinamia akamtafsiria, na yule mzee akainua mkono mmoja juu, akaushusha polepole.

Kwa mvulana aliyekuwa akitembea kutoka mbali kila asubuhi nilisema, "Asante kwa kufika kabla yangu siku za mvua. Niliona aibu kuendelea kulala." Kwa mwingine, ambaye alama zake hazikupanda sana miaka yote, nilisema: "Uliniuliza mara nne kwa nini tunasema kiboko amekufa na si kiboko kimekufa, na kila mara nilikujibu kwamba ndivyo ilivyo. Mara ya nne nilikwenda kusoma, nikaelewa kwa mara ya kwanza kwamba uhai wa mnyama unashinda umbo la neno. Ulinifundisha ngeli mwaka wangu wa kumi na mbili wa kufundisha ngeli."

Nikaendelea hivyo hadi wa kumi. Nikamaliza kwa "awa'difo", asante ya Kilugbara, na ukumbi ukasimama. Niliporudi kwenye kiti changu nilimwona kijana wa Rhino Camp katika safu ya tatu, akipiga makofi kwa mikono iliyoinuliwa juu ya kichwa, na aliendelea hata wenzake walipoketi. Nilimpungia mkono. Hivyo ndivyo nilivyokuwa kipofu.

Saa mbili usiku, wakati wa prepu, saa za kujisomea, msichana wa Oli alikuja mlangoni kwa ofisi ya walimu.

"Mwalimu, ulimsahau."

"Nani?"

Hakunijibu. Alinitazama tu, akasubiri. Nikakumbuka mwenyewe, na miguu ikaisha nguvu. Jambo la kusahau linaweza kumpata mtu yeyote. Kuuliza "nani" ndiko kulikonichoma, kwa sababu kulionyesha kwamba hata baada ya kuambiwa bado nafasi yake haikuonekana kuwa wazi.

Nimelichambua kosa hili mara nyingi, na mengi ya niliyojiambia mwanzoni yalikuwa visingizio: uchovu, muda mfupi, jenereta. Ukweli uko kwenye karatasi ile. Majina niliyanakili kutoka daftari la mahudhurio la S1 la 2020. Nililitoa kabatini makusudi, nikapuliza vumbi, nikawatafuta ndani yake wale waliobaki hadi mwisho. Nilikuwa naandika hadithi ya waanzilishi: walioanza nami, wakavumilia korona, wakavumilia maswali ya nyumbani, wakafika. Ni hadithi ya kweli na naipenda hadi leo. Ila haikuwa na mlango wa mtu aliyekuja katikati. Kijana yule alikuwa amevumilia kuliko sisi sote, lakini alivumilia mahali pengine, nje ya daftari langu.

Lipo na la pili, ambalo nalikiri kwa shida zaidi. Wale kumi niliwakumbuka kwa mambo waliyonifanyia siku fulani: swali, mvua, hasira. Chake nilikuwa nakitumia kazini. Orodha yake ilikuwa imeshakuwa chombo changu cha kazi, kama chaki, na hakuna anayekumbuka kuishukuru chaki. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo niliifundisha darasa lile lile, nikaieleza vizuri, nikatoa na mazoezi. Mwenyeji nilipona, nikamsahau mgeni.

Usiku ule nilizungumza na wenzangu wawili. Mmoja, mtu wa makamo aliyeona mengi, alisema niache: mtihani uko mlangoni, usimtikise mtoto kwa ajili ya kujisafisha wewe. Neno "kujisafisha" lilinipata barabara, na bado naona alikuwa na haki ya kulisema. Mwalimu mwenye majuto ni mzigo kwa mwanafunzi. Anaweza kumlazimisha mtoto amfariji. Wa pili alisema kosa limefanyika hadharani, lisahihishwe hadharani: nisimame paredi ya asubuhi nimtaje mbele ya shule nzima. Hili lilinivutia, nikakaribia kwenda kumwomba mwalimu mkuu dakika mbili. Kilichonizuia ni kujiuliza shule nzima ingeona nini. Ingemwona mkimbizi aliyesahauliwa. Angeondoka Arua na sifa hiyo, wakati wenzake waliondoka na sifa ya walichokifanya.

Kwa hiyo nilimwuliza mwenyewe. Asubuhi, baada ya chai, nilimkuta akifua nyuma ya bweni. Sikumwita ofisini, ofisini mwanafunzi hujibu kile mwalimu anachotaka. Nilimwambia nimemsahau, kwamba sababu si yeye bali ni mimi, na nikamweleza habari ya daftari la 2020.

"Hakuna shida, Mwalimu."

Nafundisha lugha, na najua maneno hayo mawili hubeba nini. Mwenye kovu usidhani amepoa. Sikusema kitu, nikakaa juu ya jiwe la kufulia. Alisuuza shati, akalikamua, akalitundika. Kisha akasema, bila kunitazama, kwamba paredi hataki. Nilikuwa sijaitaja paredi. Nadhani habari zilikuwa zimeshamfikia. Akasema anataka mambo mawili. Niseme lake mbele ya wale kumi, kwa sababu wao walisikia yao mbele yake. Na niandike jina lake kwenye karatasi ile ile, si karatasi nyingine.

Ombi hili lilikuwa na hekima kuliko ushauri wote nilioupata. Lilikuwa na ukubwa sawa na kosa: shule nzima haikujua kwamba amesahauliwa, ila wale kumi walijua. Na karatasi ile ile ilimaanisha kwamba hakutaka sherehe yake peke yake. Alitaka kuwa kwenye orodha.

Jioni tulikutana chini ya mwembe wa nyuma ya jiko, kumi na mmoja na mimi. Niliitoa karatasi, nikaandika jina lake chini ya la kumi kwa kalamu ile ile nyeusi, nikasoma. Jina lake sitalitaja hapa. Aliniruhusu kulitaja kwa wale tu. Nilisema: "Ulikuja na maneno yako ukayahesabu kabla ya kuomba yetu. Nilinakili orodha yako na nimeifundishia S1 mwaka huu, na sikusema ni yako. Watoto wale wanaanza Kiswahili wakicheka kwa sababu yako. Nilikuwa nafundisha kama mtu anayegawa chakula kwa wenye njaa. Wewe umenionyesha kwamba kila mtoto anaingia darasani na kitu mkononi, na kazi yangu ya kwanza ni kukiangalia."

Nikaongeza kwamba yalikuwa maneno 38. Hapo akainua kichwa.

"Arobaini, Mwalimu. Mawili uliyaruka."

Wenzake wakaangua kicheko, na naye akacheka.

Je, ilitosha? Kwa upande mmoja sidhani. Wazazi wake hawakuwa na namna ya kufika siku ya sherehe, lakini hata wangefika wasingesikia jina la mtoto wao, na hilo mwembe haukulirekebisha. Yupo pia mwenzangu aliyenilaumu kwamba kuwataja wachache kwa majina kuliwaacha nje wanafunzi wengine wote wa S4 wasiosoma Kiswahili. Lawama hiyo naikubali nusu. Wale wana walimu wao, na kila mwalimu angefanya hivyo kwa kundi lake dogo, asingebaki mtoto. Siwezi kumshukuru mtu kwa jambo ambalo sikuliona. Lakini yale niliyoyaona nina wajibu wa kuyahesabu yote, na hapo ndipo niliposhindwa.

Nimebadilisha machache katika utaratibu wangu. Oktoba 2025 majina niliyatoa kwenye daftari la S4 la mwaka ule ule, si la miaka iliyopita, na kabla ya siku yenyewe nilimpa mwanafunzi mmoja orodha bila maelezo nikamwuliza nani hayumo. Alipata mmoja: msichana aliyehamia kwetu muhula wa pili. Neno waanzilishi nimeliacha libaki kwa wale wa 2020, na hata kwao nalitumia nikijua lina ukuta.

Muhula wa kwanza wa 2025 niliingia S1 nikaandika orodha ubaoni kama kawaida. Safari hii niliwaambia nani aliiandika, ametoka wapi, na kwamba alianzia ukurasa wa mwisho wa daftari. Mtoto mmoja akageuza daftari lake juu chini papo hapo. Nilipofika neno la 38 nilishusha mistari miwili zaidi, nikaandika sabuni, nikaandika sanduku.